Vua Hiyo Saa Kabla Hujapanda Basi

Wasee wa Garissa, wacha niseme, mtanikasirikia baadaye. Hiyo saa ya kung'aa mnayovaa mkipanda basi la Nairobi, ivueni.

Mimi ndio nilikuwa mjinga wa kwanza. Abti aliniletea saa kutoka Dubai, nikaona lazima Eastleigh yote iione. Safari nzima mkono dirishani, mara napiga picha daraja la Tana, mara naweka status. Tumefika Eastleigh, foleni imesimama, kijana akaunyaka mkono wangu kutoka nje. Saa ikaenda. Nikaruka kumfukuza, mkoba nikauacha kitini. Kurudi, mkoba pia umeenda, na kitambulisho kilikuwa ndani.

Msee wa Nairobi ataniuliza, si utoe kingine tu? Walalo, nyinyi mnajua. Vijana wa kwetu wamepigwa msasa miaka na miaka kabla ya kupewa ile kadi, wakiulizwa mpaka babu alizaliwa wapi. Mwaka 2025 rais alitangaza huo msasa umefutwa. Sawa, nashukuru. Lakini askari kwenye kizuizi hataki tangazo, anataka kadi. Kurudi nyumbani nilishushwa kwa basi na karatasi ya polisi mkononi, nikijieleza kama mgeni ndani ya nchi yangu.

Mtasema wa kulaumiwa ni mwizi. Ni kweli, na ashikwe. Lakini kuwa na haki hakukunirudishia kitambulisho.

Mwingine atasema, "Yangu ni feki, ya mia tano." Hapo ndio umeharibu kabisa! Mwizi hana muda wa kukuuliza risiti. Utaumizwa kama tajiri na fare ya kurudi huna.

Na tusidanganyane. Adhana tunasikia mara tano kwa siku, simu iko mfukoni, nani hajui ni saa ngapi? Tunavaa ili tuangaliwe. Shida ni kwamba kwenye foleni, anayekuangalia sana ni mwizi.

Kwa hivyo saa iingie ndani ya soksi, chini kabisa kwenye begi. Kitambulisho kikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu hicho ndicho kitu cha bei umebeba. Ukishafika kwa shangazi, vaa, piga picha mia.

Kama kuna binamu yako anasafiri wiki hii, mtumie hii kabla hajafika stendi.