Mpeni nafasi mpiga filimbi

Aristotle asingekubali. Katika kitabu cha nane cha Siasa anasema filimbi haifai katika malezi ya vijana, na tena kwamba mafunzo ya muziki yasilenge mashindano. Hoja yake ni kwamba anayepiga ili ashinde hapigi kwa ajili ya kukua yeye mwenyewe kiutu. Anapiga ili umati ufurahi, na umati mara nyingi hufurahia mambo ya chini. Hayo tunayasoma darasani. Ukienda likizo Mbagala, swali linakusubiri kwenye uwanja wa parokia: kijana wa VIWAWA, mwenye filimbi ya bomba la maji aliyoitoboa mwenyewe matundu sita, anauliza, “Frateri, kwenye tamasha la vijana mtu anaweza kuingia peke yake na filimbi?”

Aliambiwa hakuna kipengele hicho. Kuna kwaya, kuna ngoma, kuna maigizo. Akajiunge na kwaya.

Mimi nadhani kipengele hicho kingewekwa. Ndugu zetu wa Ireland wana tamasha liitwalo Fleadh Cheoil, lililoanza Mullingar mwaka 1951, wakati wapenzi wa muziki wa kijadi walipoona wapigaji wake wanapungua na vijana wanageukia mambo mengine. Huko filimbi ya bati, kitu cha bei ndogo chenye matundu sita, ina shindano lake kamili. Mshiriki huanzia kaunti yake, akifaulu anakwenda jimbo, kisha fainali ya kitaifa. Watoto wana daraja lao na watu wazima lao. Ndiyo maana mzazi anamnunulia mtoto filimbi na kumtafutia mwalimu: kuna mahali pa kuipeleka. Wala si mbali hivyo. Jirani zetu Kenya wana tamasha la muziki tangu 1927, na vyombo vya asili vina nafasi yake humo. Sisi tuna UMITASHUMTA na UMISSETA ambako kwaya na ngoma hushindanishwa, lakini mpigaji mmoja na chombo chake ni nadra kumwona amesimama peke yake.

Na tusijidanganye kuwa bila filimbi tumekwepa mashindano. Dar es Salaam inashindana usiku na mchana. Manzese na Tandale singeli inashindana kwa kasi, Temeke vigodoro vinashindana kwa ukubwa wa spika, na kwaya zetu, Mungu atusamehe, zinashindana kwa sare na kwa kinanda chenye midundo iliyokwisha kupangwa kiwandani. Unabonyeza kitufe, ngoma inalia. Hapo ndipo ninapomrudia Mtakatifu Paulo, ambaye katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, anachukua mfano wa filimbi na kinubi: sauti zake zisipotofautiana, nani atajua kinachopigwa? Mpiga filimbi hana kitufe cha kumficha. Pumzi ikikatika, kila mtu anasikia. Kidole kisipoziba tundu vizuri, kila mtu anasikia.

Aristotle ana hoja nyingine ya kuvutia: filimbi huziba kinywa, hivyo mpigaji hawezi kutumia maneno. (Kwa haki, chombo alichokisema, aulos, kilikuwa na tete mdomoni, na kwa hiyo kiko karibu zaidi na zumari ya pwani yetu.) Kwake hiyo ni kasoro. Kwangu ni faida. Parokiani tuna maneno mengi kupita kiasi. Kijana anayejifunza kueleza huzuni au shukrani bila neno hata moja anajifunza jambo ambalo semina za siku tatu hazimfundishi.

Hofu ya kiburi ni ya kweli, na siipuuzi. Ndiyo sababu shindano libaki uwanjani, lisiingie kwenye Misa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika konstitusio ya liturujia ya mwaka 1963, ulitaka muziki wa mapokeo ya watu uthaminiwe, na vyombo vinavyofaa ibada vikubaliwe kwa idhini ya mamlaka husika. Haukusema altare igeuzwe jukwaa. Lakini nani atakuwa na chombo cha kukubaliwa, kama hakuna anayejifunza kukipiga? Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003, alizunguka dunia na ilimba na zeze, na wapo Wakristo wa hapa mjini ambao hawajawahi kusikia vyombo hivyo kanisani.

Kinachonisumbua zaidi ni majaji. Walimu wetu wa kwaya wamelelewa na tonika solfa. Mzee wa Kizaramo au wa Kigogo akipiga filimbi yake, sauti zake hazitaangukia mahali do na re zinapokaa, na jaji ataandika “hayuko kwenye ufunguo” na kumpa alama tatu. Kwa hiyo kabla ya fomu za washiriki, waandaaji watafute wazee wawili wanaojua filimbi na wawakalishe meza moja na mwalimu wa kwaya. Dakika nne kwa kila mpigaji, na spika zizimwe.