Kufuli la Chatu na Amri ya Tano



Wapendwa katika Kristo, wiki hii napenda tuitafakari Amri ya Tano kwa kutazama jambo ambalo wengi wetu tutaliona la mbali: kufuga nyoka nyumbani. Kwetu, nyoka akiingia ndani hutafutiwa fimbo. Lakini Marekani, Kanada na Ulaya wapo watu wengi wanaofuga chatu kama sisi tunavyofuga paka, na baadhi ya chatu hao ni wa jamii inayotoka barani mwetu. Ndugu zetu waishio huko ni majirani wa wafugaji hao, na pengine baadhi yao ni wafugaji pia.

Sisemi kwamba kufuga nyoka ni dhambi. Nyoka ni kiumbe cha Mungu, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416, inatukumbusha kuwa wanyama wanastahili wema wetu. Ninalosema ni hili: mtu anayeweka nyumbani kiumbe chenye uwezo wa kuua anafungwa na dhamiri kukiwekea kufuli, hata pale ambapo hakuna sheria ya serikali inayomlazimisha.

Mwezi Julai 2009, katika jimbo la Florida, Marekani, mtoto wa miaka miwili aliuawa kitandani mwake na chatu wa Burma aliyekuwa akifugwa humo humo nyumbani. Tangi la kioo la nyoka huyo lilifunikwa kwa mfarishi, badala ya kifuniko chenye kufuli. Usiku ule ule alikuwa ameshatoka mara moja, akakamatwa na kurudishwa. Tena hakuwa amelishwa kwa muda wa kama mwezi mmoja. Mwaka 2011 mama wa mtoto na mwenzi wake walihukumiwa kifungo cha miaka 12 kila mmoja.

Mwezi Agosti 2013, mjini Campbellton nchini Kanada, chatu wa Afrika alitoka kizimbani kupitia tundu la hewa, akaanguka kutoka darini na kuwaua ndugu wawili waliokuwa wamelala, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 6. Mwenye nyoka alishtakiwa kwa uzembe uliosababisha vifo, na mwaka 2016 mahakama ikamwachia huru. Si kazi yangu kumhukumu upya. Lakini tukumbuke kwamba mahakama huuliza kama kosa la jinai limethibitishwa. Dhamiri huuliza kama tulifanya yote tuliyoweza kabla ya msiba.

Swali hilo la dhamiri ni la zamani. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinazungumzia ng'ombe aliyemwua mtu. Kama ng'ombe hakuwa na desturi ya kupiga pembe, mwenyewe hana hatia. Kama alikuwa na desturi hiyo, na mwenyewe alionywa asimfunge, hatia ni yake. Katekisimu, namba 2269, inafundisha vivyo hivyo: kifo kisichokusudiwa hakihesabiwi kuwa kosa la mtu, lakini haepuki lawama nzito yule ambaye, pasipo sababu ya kutosha, ametenda jambo lililoleta kifo. Nyoka aliyetoka mara moja ameshatoa onyo. Baada ya hapo, neno "ajali" halitutoshi.

Wapo wasemao, "Wangu ni mpole, ananijua." Upole wa nyoka si ahadi. Chatu hafungi agano na mtu. Akiwa na njaa, husukuma kifuniko kwa pua usiku kucha hadi apate upenyo. Kwa hiyo kifuniko kizito au jiwe juu yake havitoshi. Mlango wa kioo unaoteleza uwe na kufuli lake. Matundu ya hewa yazibwe kwa wavu wa chuma uliokazwa kwa skrubu. Ufunguo ukae kwa mtu mzima, mbali na watoto. Mlango wa chumba nao ufungwe, na upenyo ulio chini yake uzibwe. Kila jioni mfugaji akague kwa macho na kwa mkono. Na amlishe mnyama wake, kwa maana kumfungia na kumsahau pia ni ukatili.

Wanaolipia uzembe huo si watu pekee. Katika eneo la Everglades, kusini mwa Florida, chatu wa Burma waliotoroka au kuachiliwa na wafugaji wamezaliana mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa idadi ya rakuni walioonekana huko ilipungua kwa asilimia 99.

Nasi tusiofuga chatu tusijione salama mbele ya amri hii. Sura ile ile ya Kutoka inamtaja mtu anayechimba shimo asilifunike. Mbwa mkali anayeachwa bila lango, kisima kisicho na mfuniko, dawa ya panya iliyowekwa mahali mtoto anapofika: hayo ndiyo makufuli yetu tusiyoyafunga. Jioni ya leo, kabla ya sala ya familia, kila mmoja wetu azunguke nyumba yake na kuyakagua.

Nawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki.