Kamera ya Safari na Mtamba wa Karo

 

Wiki iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, walitujia mume na mke wa hapa Garsen. Wamenuia kuwapeleka watoto wao wanne Mombasa siku za likizo, wakatembee Haller Park pale Bamburi na, Mola akijaalia, wacheze katika mabwawa ya Wild Waters, Nyali. Juu ya safari hawakuhitilafiana. Walihitilafiana juu ya kamera. Mume alitaka kumuuza mtamba sokoni anunue kamera kubwa yenye lenzi za kubadilisha. Mke akasema mtamba huyo ndiye karo ya Januari.

Tulimdhania mume israfu, mpaka alipojieleza. Mafuriko ya 2018 yaliingia nyumbani mwao usiku, yakachukua sanduku lenye albamu, na ndani yake picha ya pekee ya marehemu mama yake. "Sheikh," akasema, "wanangu hawaijui sura ya bibi yao. Sitaki nao yawafike haya."

Tukanyamaza kitambo, kisha tukawajibu kama tunavyowajibu nyote.

Kwanza, maulamaa wamehitilafiana juu ya picha za kamera. Wapo waliozikataza, na yupo Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliyeandika risala ya kuzijuzisha, akiona kuwa ni kivuli kilichozuiliwa wala si umbo lililobuniwa kwa mkono. Sisi twaifuata rai hiyo, tukishika sharti la sitara.

Pili, albamu ile haikupotea kwa uhaba wa kamera. Ilikuwa nakala moja, mahali pamoja, kando ya mto. Kamera ya thamani ya mtamba isingeiokoa. Dawa ya msiba ule ni kuhifadhi, na kuhifadhi hakugharimu ng'ombe.

Basi nendeni na simu mliyo nayo. Kabla ya kuondoka, ondoeni video zisizo na faida ili nafasi ipatikane, na mkiweza nunueni kadi ya kumbukumbu. Chukueni powabenki iliyojaa chaji, kwani kutoka Garsen hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200, na watoto watacheza na simu njiani. Sisi wenyewe tuliwahi kufika mbele ya twiga simu ikiwa imezimika. Chukueni pia kitambaa laini cha kufutia lenzi, maana vumbi la njiani na unyevu wa pwani hutia ukungu, na mfuko usiopitisha maji. Mkitaka kukuza picha, sogeeni kwa miguu pale panaporuhusiwa. Kukuza kwa vidole katika simu nyingi hupunguza ubora. Na jua liwe nyuma ya mpigaji, nyuso zipate kuonekana.

Mkiwa Haller Park, msiwashughulishe watoto kwa picha tu. Wasimulieni kwamba pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, pakame, mpaka René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971. Wasimulieni habari ya Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Disemba 2004, akaletwa pale akafanya usuhuba na kobe mkongwe aitwaye Mzee. Watoto wa Tana, waliokwisha kuona maji yakiwatenga watu na jamaa zao, wataifahamu habari hiyo upesi.

Tatu, sitara. Kwenye mabwawa simu ikae mfukoni. Suratun Nur imetuamrisha kuinamisha macho, na kamera ni jicho lisilosahau. Wake na mabinti za watu wasiingie pichani mwenu bila ridhaa, na picha za watoto wenu msizitawanye kwa kila kundi la simu.

Nne, na hili tulimwambia mume peke yake: mama ndiye mpigaji picha wa nyumba nyingi, na kwa hiyo haonekani katika picha hata moja. Mpokee simu, umpige akiwa na stara yake pamoja na wanawe. Wewe wajua uchungu wa kuikosa sura ya mama.

Mkirudi, chagueni picha kumi, mzisafishe studio nakala mbili mbili. Moja ikae nyumbani ndani ya plastiki, ya pili ipelekeni kwa jamaa aishiye mbali na mto.

Walipoinuka, mume alimuuliza mkewe bei ya powabenki. Mtamba hakutajwa tena.

Wabillahi tawfiq.