Tumechoka na Kichina cha Wageni

Mtu anaweza kufaulu HSK, mtihani wa kimataifa wa Kichina, hadi ngazi ya tano bila kufungua mdomo. Sitanii. Mtihani wenyewe una kusikiliza, kusoma na kuandika. Kuongea kumetengewa mtihani wa pembeni, HSKK. Ngazi ya tano inadai maneno 2,500. Ukishayameza unapewa cheti. Halafu unaingia kantini, mama anayepakua chakula anakuuliza "Chi sha?", utakula nini, na maneno yako yote 2,500 yanakutazama tu. Kitabuni "nini" ni shenme. Hapa Shenyang, ninakosomea shahada ya uzamili, "nini" ni sha kuanzia asubuhi hadi usiku.

Kila mwaka naona wenzangu kutoka Afrika wakimaliza mwaka mzima wa lugha, wakifaulu, kisha wakikaa kimya kwenye vikao vya maabara. Wachina wanadhani ni wapole. Si wapole hata kidogo; wasikie wakiwa jikoni hosteli. Wamefundishwa Kichina cha mgeni anayesubiri kuulizwa anatoka nchi gani. Hakuna aliyewafundisha jinsi ya kubisha, kukatiza maneno ya mtu, au kukwepa swali.

Shule ya mambo hayo ipo, ni ya bure, na walimu wengi wanaicheka: vipindi vya mazungumzo vya runinga.

Chukua neno moja, hao, yaani "sawa". Darasani linaishia hapo. Sasa tazama Qipa Shuo, kipindi cha midahalo kilichoanza mwaka 2014 kwenye iQiyi kikiongozwa na Ma Dong, ambako watu wazima wamewahi kubishana kwa jasho kama ni halali kupekua simu ya mpenzi wako. Utasikia haode: sawa, nimekuelewa. Haoya: sawa, tena kwa furaha. Haole: imetosha, tuishie hapo. Na haoba, sawa ya mtu aliyechoka kubisha, ile "haya basi" yetu inayotoka pamoja na pumzi. Sisi tuliokua na "haya", "haya basi", "haya bwana" na "haya sasa" tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Nani alijifunza tofauti hizo kitabuni? Tulizisikia watu wakigombana na kupatana.

Au chukua zai shuo ba. Kamusi itakwambia "tutazungumza baadaye". Kwenye kipindi mgeni akijibiwa hivyo, ukumbi mzima unacheka, kwa sababu wote wamesikia "hapana". Ni ndugu wa "njoo kesho" ya maofisini kwetu. Mwanafunzi asiyejua hilo anarudi chumbani kusubiri jibu ambalo ameshapewa.

Najua pingamizi. La kwanza: kama ni runinga, tazama taarifa ya habari. Walimu wanaipenda Xinwen Lianbo, ile ya saa moja usiku ya CCTV iliyoanza mwaka 1978. Ni Kichina safi kweli, lakini hata msomaji wake haongei hivyo akifika nyumbani. Nani angemshauri Mchina ajifunze kupatana bei Kariakoo kwa kusikiliza taarifa ya habari?

La pili: mtaokota lugha ya mtaani. Hili ni tusi. Mchina anajua Kichina cha mtaani na cha ofisini, na anajua mahali pa kila kimoja. Kwa nini sisi tuonekane hatuwezi kubeba viwili? Li Xueqin, mchekeshaji wa Tieling, jirani kabisa na hapa, alihitimu Chuo Kikuu cha Peking, na bado anapanda jukwaani na lafudhi yake ya Kaskazini-Mashariki bila kuificha. Nchi nzima inamcheka na kumwelewa. Isitoshe, vipindi hivi huhaririwa na kukaguliwa kabla ya kurushwa. Kama vina kasoro, ni kwamba vimesafishwa mno.

La tatu: huo ni uvivu. Ukijilaza kitandani ukasoma tafsiri ya Kiingereza, ndiyo, ni uvivu. Lakini karibu kila kipindi cha China kina maandishi ya Kichina chini ya skrini, kwa sababu lahaja ni nyingi na maandishi yanawaunganisha. Basi chagua dakika kumi. Funika maandishi kwa karatasi, sikiliza mara tatu. Funua, uone ulichokosa. Kisha sema pamoja na msemaji, pamoja na kigugumizi chake: neige, ranhou, dui dui dui. Utagundua kwamba bu zhidao, "sijui", kwa kasi ya kawaida inamezwa hadi inabaki kama burdao. Fanya hivyo mwezi mmodi mzima, kisha uniambie nani mvivu.

Serikali zote mbili zinajua nguvu ya runinga. Mwaka 2011 TBC ilirusha mchezo wa Mao Doudou na mama wakwe zake, ukiwa umeingizwa sauti za Kiswahili, na Rais Xi Jinping aliutaja alipohutubia Dar es Salaam mwaka 2013. Tuliruhusiwa kuwacheka Wachina sebuleni mwao kwa lugha yetu. Sasa tunataka kuwasikia kwa lugha yao.

Nasema wazi: vipindi hivi viingizwe kwenye ratiba, saa mbili kwa wiki, na mwanafunzi apimwe kwa kubisha, si kwa kukariri. Wengi wetu tutarudi nyumbani kukaa meza moja na makampuni ya Kichina, tukizungumzia barabara, mikopo na mishahara ya vibarua. Siku hiyo upande wa pili ukitabasamu na kusema zai shuo ba, cheti cha HSK hakitakunong'oneza kwamba umeshakataliwa.