Mihrabu ya zamani isibomolewe



Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha pwani ya Kilwa. Si Mwislamu wala si mzaliwa wa huku. Nilipangiwa kazi huku nilipomaliza chuo cha ualimu. Wenyeji wanisamehe nikigusa jambo la msikiti wao.

Mwaka huu niliwavusha wanafunzi wa darasa la sita kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, kuuona Msikiti Mkuu. Andalio langu la somo lilihusu masultani na dhahabu ya Sofala. Watoto hawakujali masultani. Walishangaa mawe ya duara yaliyo mahali pa kutawadhia, ya kusugulia nyayo. Aliyejenga alifikiria hata kisigino cha mvuvi anayetoka kwenye matope! Mwanafunzi mmoja akashika dira ya shule, tukaona ukuta wa mihrabu uko kaskazini, kwa kuwa kutoka Kilwa Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja.

Msikiti huo ulipanuliwa na Sultani al-Hassan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Nguzo za matumbawe yaliyochongwa hazikuhimili, paa likaanguka. Katika karne ya 15 ukajengwa upya kwa nguzo za pembe nane za mawe na chokaa, na mpaka leo nyingine zimesimama. Nakshi za pwani hii zilichongwa kwenye tumbawe lililotolewa baharini likiwa bado laini, kabla halijakauka na kuwa gumu.

Katika dini yangu tunasoma kwamba Mungu alimpa Musa vipimo vya hema, hata idadi ya vifungo vya dhahabu vya kuunganishia mapazia: hamsini. Zamani sura hizo zilinichosha. Niliporudi kutoka Kisiwani nilizisoma tena.

Sasa kijijini kwetu. Tunao msikiti mdogo wa mawe, wenye mihrabu ya nakshi. Miaka mitatu iliyopita ililetwa saruji ya msaada. Fundi akapiga lipu kuta zote, nakshi zikiwemo, kisha akapaka rangi ya mafuta ya kijani. Masika mawili tu lipu ikavimba, ikaanza kubanduka pamoja na uso wa jiwe. Saruji huzuia unyevu ndani ya ukuta. Chokaa ya wazee huuacha utoke. Hivi sasa kamati inasema mihrabu imeoza, ivunjwe, viwekwe vigae. Haikuoza, imezibwa.

Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, Mungu anaangalia moyo, haangalii ukuta." Ni kweli. Lakini mzee huyo huyo haswali bila kutawadha kiungo kwa kiungo, kwa mpango, hadi vifundoni. Sikumjibu hivyo, maana ni mkubwa wangu.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakatolewa baada ya ukarabati. Kazi hiyo ilitumia chokaa, na mafundi wa huku huku walishiriki. Basi nawaomba wanaohusika na mambo ya kale watutumie fundi mmoja, hata kwa siku mbili, aiondoe lipu hiyo kwa patasi na kutuonyesha kinachoweza kuokolewa. Sisemi tuchome matumbawe hai, ambayo ni nyumba ya samaki. Chokaa ya mawe ya nchi kavu inatosha. Maji na mchanga wanafunzi wangu watabeba.

Kamati imepanga kuanza kubomoa mara ufuta ukishauzwa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilwa, Lindi.