Piza ndogo za nyumbani: kila mtoto na yake

Watoto wengi wa mjini wanaijua piza kabla hawajazijua mboga za gengeni. Kwa hiyo mzazi hana haja ya kujiuliza kama wataila. Ajiulize inatoka wapi, na juu yake kuna nini.

Ukiwa na oveni ndogo ya umeme, ile ya kuweka mezani, unaweza kuzitengeneza mwenyewe. Kwa piza nne ndogo, changanya vikombe viwili vya unga wa ngano, kijiko cha chai cha hamira, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kikubwa cha mafuta na maji ya uvuguvugu kama robo tatu ya kikombe. Kanda, funika, uache uumuke kama saa moja. Gawa madonge manne, sukuma kama chapati.

Una haraka? Chapati zilizobaki asubuhi zinafaa kabisa, usiongeze mafuta tu.

Nyanya na kitunguu saumu vipike hadi maji yakauke, kwani mchuzi mwepesi huacha unga mbichi katikati. Washa oveni dakika 10 kabla, nyuzi joto 220. Trei isikae juu sana, maana jibini itaungua kabla unga haujaiva. Dakika 8 hadi 12 zinatosha. Kwa chapati, tano.

Muda huo hautoshi kuivisha kuku wala nyama mbichi. Vipike vikaive kwanza, ndipo uvipange juu ya piza.

Sasa tuje kwenye afya. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na mtoto apate pungufu ya hapo. Jibini, soseji na tomato sosi ya chupa vyote vina chumvi tayari. Ukiviweka pamoja, mtoto anaweza kuimaliza sehemu kubwa ya kiwango chake kwa mlo mmoja. Tena, tangu 2015 wataalamu wa saratani wa WHO wameziweka nyama zilizosindikwa, soseji zikiwemo, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Weka kuku wa nyumbani, jibini kiasi, kisha jaza hoho, karoti iliyokunwa, vitunguu au mchicha uliokamuliwa maji.

Hapa ndipo piza ya mtu mmoja mmoja inaposaidia. Mpe kila mtoto donge lake na mabakuli ya mboga, mwambie achague angalau mbili. Mtoto aliyepanga hoho kwa mkono wake ana sababu ya kuionja. Aliyewekewa na mama ataitoa pembeni ya sahani.

Kuhusu umeme, oveni ya wati 1,200 ikiwaka nusu saa haizidi uniti 0.6. Ichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni yenye friji na pasi. Iache mbali na pazia, na waya usining'inie mtoto akauvuta. Kupanga mboga ni kazi yao; kuingiza na kutoa trei ni kazi yako. Kioo cha mlango hubaki cha moto hata baada ya kuzima, hivyo wasogee mezani kwanza, piza iwafuate.