Shokapu za Upepo Sio Dawa ya Springi Zilizochoka

Wadau, mmeiona ile Impala ya 1964 ya staa wetu (jina kapuni)? Nyuma imenyanyuka kama inataka kupiga mbizi, na komenti zote ni moto moto. Mi naona tofauti, mnisamehe.

Fundi wake kaposti video mwenyewe: springi zimekwisha, kafunga shokapu za upepo, kajaza mpaka gari likanyanyuka. Shokapu hizo ni nzuri, unajaza kwa valvu kama tairi, ukipakia spika kwenye buti gari haliburuzi nyuma. Ila kubeba uzito ni kazi ya springi, shokapu inatuliza mtikisiko tu. Ukiitwisha mzigo wote, wanaoteseka ni vishikio vya bodi ya miaka 60, na kutu ya Dar mnaijua.

Halafu kaunga pande mbili kwa mpira mmoja! Ukikata kona, upepo unatoka upande uliolemewa unakimbilia wa pili, gari linalala zaidi. Kila shokapu ipewe valvu yake, bwana.

Bro, nunua springi kwanza. Wikiendi tunakuona umepakia watoto humo. Anayemjua amfikishie.